Sikio la Mukuba

Dilala, Kolwezi, 8 Oktoba 1978

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Nimefungua daftari hili kwa sababu lori limekwama Mutshatsha, sina hati za mizigo za kuandika, na mkono wangu haujui kukaa bure. Mimi ni Alimasi mwana wa Abedi wa Kasongo, karani wa malori ya Tata Asani, mdogo wake baba. Asiyeujua mwandiko wangu katika mji huu hajapata kutuma hata gunia moja la muhogo.

Siku hizi mwandiko huo una kazi nyingine. Mimi na mke wangu Zena tunatoa kitabu cha picha, kurasa nane, watu wanakiita bede. Zena huchora kwa kalamu ya chuma juu ya stensili, ile karatasi ya nta. Mimi natunga hadithi na kuandika maneno katika viputo. Polycarpe, mwalimu wa kupiga taipu, anachapa kwa roneo, mashine ya kunakili ya shule yake. Kwenye kitambulisho chake ni Mukendi tu, maana serikali imekataza majina ya ubatizo, lakini mama yake bado anamwita Polycarpe, na sisi pia.

Hadithi yetu iko Mabomoko. Ni mji ambao barage lake, bwawa la maji, lilipasuka, mlima wa takataka za mgodi ukaporomoka juu ya nyumba, na wakubwa wakakimbia na funguo. Hakuna polisi, hakuna hakimu, hakuna chumvi. Majambazi wanaoitwa Bana-Giza wanatoza watu kodi ya kuvuka barabara. Humo yumo mtu mmoja aliyetumbukia katika tanuru ya kuyeyusha shaba akatoka mzima, ngozi yote shaba: Mukuba. Risasi zinamgonga na kurudi zilikotoka. Lakini mvua ikimnyeshea anaota kutu ya kijani, nguvu zinamwisha, na Mabomoko mvua haikatiki.

Hilo la kutu nililitunga mimi. Naliandika hapa ili lijulikane.

Hatusemi Mabomoko ni wapi. Tangu vita ya mwezi wa tano, msomaji wa Kolwezi akichungulia dirishani anapajua.

15 Oktoba

Tumepanda mahindi nyuma ya nyumba. Nilitaka kulima pia kipande kilicho nyuma ya kichuguu, udongo wake mwekundu na laini. Zena akasimama mbele yangu.

"Pale hapana. Muchwa itakula yote."

"Mchwa wako kila mahali, Zena."

"Nilisema pale hapana."

Basi. Mwanamke akikataa udongo, mwanaume apande mawe?

22 Oktoba

Namba 2 imekwisha yote sokoni kabla ya saa sita. Mama mmoja muuza samaki alimshika Zena mkono, akaubusu: "Mama Zena, iyi mukono ni ya Mungu!" Kisha akanigeukia mimi. "Na we tata, unamusaidiaka kuuzisha?"

Nikamwambia mimi ndiye ninayeandika maneno.

"Aah," akasema, "kuko na maneno?"

23 Oktoba

Mvua. Bado namfikiria yule mama.

3 Novemba

Mpaka sasa Mukuba alikuwa akionekana kwa mbali, au mgongo tu, amesimama juu ya paa lililobomoka. Leo Zena amemaliza ukurasa wa tatu wa namba 3, na kwa mara ya kwanza amemchora uso.

Niliutazama muda mrefu. Si uso wa shujaa. Mashavu yamebonyea, macho makubwa kidogo, kijana wa miaka ishirini hivi. Na sikio la kushoto limekatika, pembe ya juu haipo.

"Kwa nini sikio?" nikauliza.

"Iko vile."

"Iko vile vipi? Mimi sikuandika sikio."

"We uliandika maneno. Sura ni yangu."

Akaendelea kuchora, ncha ya ulimi nje, kama afanyavyo akichora kitu anachokijua. Vitu vya kubuni huvichora akitazama dari. Nimekuwa mume wake miaka sita, nayajua hayo. Uso ule aliuchora bila kuinua macho hata mara moja.

4 Novemba

Sikio la kushoto.

11 Novemba

Idi. Nyama ilikuwa ngumu. Katika swala niliangalia masikio ya safu nzima ya mbele, Mungu anisamehe.

14 Novemba

Polycarpe ana masikio mawili mazima. Nilikwenda shuleni kwake kwa kisingizio cha wino, nikakaa upande wa kushoto, nikahamia wa kulia. Akaniuliza kama shingo inaniuma. Ni mrefu, anavaa abakosi, lile koti lisilo na tai, lililopigwa pasi, na Zena akimpa stensili huzishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekwishamchukia siku kumi nzima. Sasa nimelazimika kumwachia, na chuki imebaki haina pa kwenda.

Muuza nyama: mazima. Fundi baiskeli: mazima. Nesi anayemchoma Zena sindano za malaria: mazima, madogo, ya kuchekesha.

19 Novemba

Katika namba 4 nimempeleka Mukuba kwenye tope. Bana-Giza wamemfunga kamba, mvua inamnyeshea, amekuwa kijani mpaka kwenye kope, na nimemwandikia maneno ya uoga: "Nisameheni, wakubwa." Nikampa Zena nikijisemea, haya sasa, mchore huyo.

Akamchora. Yuko kwenye tope, amefungwa, kijani, na uso wake unakutazama mpaka unaona haya wewe uliyemfunga. Sokoni watu wamelia. Muuza samaki amenunua tatu.

26 Novemba

Leo limetokea neno ambalo sasa nalikumbuka kuwa limetokea kila mara, ila nilikuwa kiziwi. Kazadi, dereva wetu, alikuwa anapakia kwenda Kisenge na Sandoa. Huwa anachukua bede zetu kidogo kuziuza njiani. Zena alikuja gareji kwa miguu, kwenye mvua, akamuuliza: "Ya nyuma ilifika Sandoa?"

"Ilifika, mama."

"Batu baliiona? Basichana, bamama, bote?"

"Baliiona."

Akapumua. Nilimwona akipumua.

Hakuuliza Kisenge. Hakuuliza Dilolo. Sandoa! Hana ndugu Sandoa, hajafika Sandoa maisha yake.

Dalili ya mvua ni mawingu. Nitaandika mawingu yangu hapa moja moja. Mwezi wa tano, vita ilipoingia Kolwezi, mimi nilikuwa Kisenge na lori. Barabara ilifungwa. Nilikaa kule siku kumi na moja nikila kwa watu, na mke wangu alikuwa peke yake katika nyumba hii. Nilipofika alinifungulia mlango, akanipa maji ya kuoga, akasema, "Tuko bazima." Tangu siku ile hajaniambia hata saa moja ya siku zile. Nilidhani ni hofu, nikamwacha asahau. Sasa najiuliza kama anachokificha hataki kukisahau.

2 Desemba

Nimemuuliza jirani yetu Mama Tshiela, aliyekuwa hapa wakati ule. Alikuwa akitwanga. Mchi ukasimama hewani.

"Tata Alimasi, bile bintu bya mwezi wa tano tuliiacha pale pale. Uliza bibi yako."

"Nakuuliza wewe. Kulikuwa na mtu nyumbani kwangu?"

Akaurudisha mchi kinuni, akatwanga kwa nguvu kupita haja. Mtu asiye na jibu husema hapana. Yeye alitwanga.

3 Desemba

Sikulala. Mvua, na mahindi yamefika magotini. Zena ameyapalilia yote, na kile kipande nyuma ya kichuguu ameking'oa majani kwa mkono, pakabaki safi kama sakafu. Wala hapandi kitu. Ni kichaa gani cha kupalilia mahali pasipopandwa?

10 Desemba

Namba 5. Amemchora Mukuba amelala, uso peke yake, ukurasa mzima. Ukurasa mzima! Hakuniachia nafasi hata ya kiputo kimoja.

Nitaandika ukweli, kwani daftari hili halina msomaji. Mimi Zena hajapata kunichora. Miaka sita. Nilimwomba mara moja, tulipooana, akacheka akasema mimi situlii.

22 Desemba, Ijumaa

Baada ya swala nilimngoja Maalim. Nikamuuliza, kwa unyenyekevu, kama kuchora sura ya kiumbe mwenye roho si dhambi.

"Wapo wanaosema haifai," akasema. "Kwa nini unauliza?"

"Mke wangu anachora sura ya mwanaume."

"Ile bede? Mimi mwenyewe ninayo namba 3. Ulipouza ya kwanza na ya pili haikuwa haramu?"

"Sikuwa nimefikiri."

"Na sasa umefikiri nini, Alimasi?"

Nikaangalia viatu mlangoni. Akanishika bega. "Nenda kazungumze na mke wako. Hiyo haina ubishi wowote."

Nimerudi nyumbani na nusu ya maneno yake, ile ya kwanza. Nusu ya pili nimeiacha msikitini pamoja na viatu vya watu.

30 Desemba

Nimefanya.

Stensili ikikosewa kuna dawa yake, rangi nyekundu kama ya kucha, unapaka, inakauka, unachora upya juu yake. Zena alinipa stensili za namba 7 nizipeleke kwa Polycarpe. Nikapita gareji, nikafunga mlango, nikapaka nyekundu kila uso wa Mukuba. Nyuso kumi na nne. Kisha, kwa kalamu ya chuma na mkono wangu usiojua kuchora, nikamvisha kila mmoja kinyago: duara, matundu mawili, mstari wa mdomo. Hakuna shavu tena, hakuna sikio. Kwenye ukurasa wa kwanza nikaandika kwa herufi nzuri: "Tangu leo Mukuba amevaa kinyago, ili adui zake wasimjue."

Polycarpe alizitazama. "Mama Zena anajua?"

"Ni dini," nikamwambia.

6 Januari 1979

Namba 7 imetoka. Zena ameiona sokoni, mbele za watu.

Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa na ile nusu ya maneno ya Maalim tayari mdomoni. Alifungua kurasa zote nane, akarudi ya kwanza, akasema taratibu, kama mtu aliyeibiwa akiwa amechoka: "Na hii imeenda na Kazadi?"

"Imeenda."

Akakaa chini pale pale, juu ya gunia la mtu. Basi ni Sandoa tu! Hata sasa ni Sandoa! Nilitaka kumwuliza jina lake. Nilitaka kumpiga, na sijapata kumpiga mwanamke. Nikaondoka nikamwacha na bede zetu, akauza mwenyewe.

10 Januari

Mvua. Hatusemezani. Ugali anauweka mezani, anaufunika, anatoka.

13 Januari

Lazima niiandike siku hii yote.

Saa tatu asubuhi alikuja gareji mama mmoja mnyonge, kitenge kimelowa mpaka kifuani, kapu la viwavi vikavu kichwani. Sokoni walimwelekeza kwangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno moja moja, kama cha watu wa Sandoa, wanaosema Kilunda.

"Tata, banasema we njo unatengenezaka ile bede."

"Ni mimi."

Akatua kapu. "Mutoto ya dada yangu aliiona ku Sandoa. Akaniambia, mama, mutu iko mule, sikio yake imekatika huku, ni sawa Nawej. Mi sikuiona. Ile karatasi balifungia mukate, ikatupwa. Njo nimekuya." Akanitazama. "Ile mutu iko wapi?"

Kumbe ana jina. Nawej. Nikashika meza kwa mikono miwili.

"Nawej ni nani wako?"

"Mutoto yangu. Mwezi wa tano alikuya huku kuuzisha muhogo. Hakurudi."

Mwezi wa tano. Mtu mwingine yeyote angesikia hapo kile kilichokuwa kinasemwa. Mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba kweli alikuwa hapa wakati mimi sipo. Nikamwona hai, amejificha mahali fulani, ananenepa kwa chakula cha nyumba yangu, na sasa mama yake amekuja kumtafuta kwa mke wangu. Kama ningemwambia "aliyechora ni Zena, nyumba ya nne kushoto", wangekutana, na kitu changu cha mwisho kingetoka mkononi.

Nikachukua namba 7 mezani, nikampa.

"Tazama mwenyewe, mama. Hana uso. Ni mtu wa kubuni, nimemtunga kichwani mwangu."

Alifungua kurasa kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji. Aliangalia kila kinyago. Ukurasa mmoja aliugeuza juu chini, labda alidhani uso uko upande wa pili. Kisha akakunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Nilifikiri tu," akasema. "Aksanti, tata. Mungu akulinde."

Akauliza njia ya stesheni. Nikambebea kapu mpaka barabarani. Nikamwonyesha kwa kidole.

14 Januari

Nilidhani nitafurahi.

21 Januari, Jumapili

Vidole vina udongo bado. Nitaandika hivyo hivyo.

Zena alikwenda kuteka maji. Mwezi huu ndio wa kupanda maharagwe, na mimi nikasema leo nitalima kile kipande, nione kama bado kuna neno moja langu katika nyumba hii. Nikachukua jembe. Udongo ulikuwa laini ajabu, nikapiga na kupiga, shimo likanifika magotini.

Nikasikia beseni likianguka. Zena alipita kwenye mahindi akiyavunja, akajitupa kifudifudi kwenye shimo, mikono ametandaza.

"Alimasi, acha! Utamukata!"

"Nani?"

"Utamukata! Acha!"

"Nani, Zena?"

"Mutu ya mu bede," akasema, mdomo kwenye udongo.

Mama Tshiela alitokea kwenye ua, akatuona, akafunika kichwa na kitenge chake, akarudi ndani. Tulikaa kwenye tope, na Zena akanieleza. Alieleza akiangalia mikono yake.

Siku ya tatu ya vita alimkuta nyuma ya kichuguu, kijana amepigwa risasi tumboni. Gunia lake la muhogo lilikuwa bado mgongoni. Hakujua Kiswahili, alisema Kilunda, na Zena Kilunda hasikii. Akamburuta ndani. Akamlaza.

"Wapi?"

"Ku kitanda. Ku fasi yako."

Siku nne. Nje watu wanapigwa, wanafungwa, leo na hawa, kesho na wale. Ungekutwa na mgeni mwenye risasi, wangeuliza ni wa upande gani, na jibu lolote lilikuwa baya. Alimnywesha uji kwa kijiko, akampangusa. Siku ya nne akafa, asubuhi, ameshika kidole cha Zena. Yeye na Mama Tshiela wakachimba.

"Kwa jembe gani?" Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Iyi."

Nikaliweka chini.

"Hakukuwa na jina," akasema. "Hakukuwa na karatasi. Nilisema, mama yake iko fasi moja, anamungojea. Batu ya kiLunda banatoka Sandoa kule. Kuuliza siwezi, bataniuliza mi nilimuonea wapi. Njo nikamuchora. Nikasema, siku moja mutu ataona ile sikio."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Hapo ndipo alipoinua macho.

"Ningekuambia nini? Eti mwanaume alilala siku ine mu nyumba yako na we haukukuwa? Ungeuliza nini ya kwanza, Alimasi? Sema."

Swali nililijua. Nilikuwa nimelibeba tangu Novemba.

Mvua ikaanza. Tukarudisha udongo kwa mikono. Niliposukuma udongo wa mwisho ndipo nikasema, maana njia ya mwongo ni fupi na yangu ilikuwa imefika ukingoni: "Anaitwa Nawej."

Akageuka. "Nawej," akasema. Akarudia polepole. Miezi minane amekaa naye kichwani, hakuwa na neno la kumwita. "Ulijua namna gani?"

Nikamwambia. Yote, mama, kapu, namba 7, stesheni. Sikuficha hata ile ya kugeuza ukurasa juu chini. Nilingoja anipige, na ningeshukuru. Aliuliza neno moja tu.

"Ulimupa hata maji?"

"Hapana."

Akaingia ndani.

22 Januari

Tata Asani anasema barabara ya Sandoa imekatika, lori haliendi. Nimemwambia nitakwenda kwa treni, na ikibidi kwa miguu. Amesema nina wazimu, akanipa koti lake la mvua.

Zena amenipa namba 5, ile ya uso mtupu, ameifunga kwenye nailoni. Hakuniaga. Ila alinifungia mihogo ya kuchoma.

25 Januari, Kasaji

Treni ilikaa siku mbili ikingoja reli ifukuliwe. Njia nzima nimetafuta mama mwenye kapu.

31 Januari, Sandoa

Kutoka Kasaji lori la chumvi, kisha lori likazama, kisha kilomita thelathini na viatu mkononi. Nilifungua nailoni mara mia kuangalia kama uso umelowa. Kuna usiku nilimwonea Nawej wivu hata hapo, kwamba Zena alimfungia nailoni vizuri namna ile. Sijui wivu unakaa wapi mwilini, ningeukata.

Nyumba ya mama nimeipata bila taabu. Kila mtu hapa anamjua mama wa Nawej, aliyekwenda Kolwezi kwa ajili ya picha akarudi bure. Alikuwa anaanika muhogo chini ya paa. Akanitazama, akanijua.

"We njo tata ya hana uso."

"Nilidanganya, mama."

Nikampigia magoti mbele za watoto wa jirani, nikampa. Akafungua nailoni. Hakulia. Aliweka kidole gumba juu ya lile sikio, akalisugua kama anavyofuta uchafu kwa mtoto. "Mbwa ya mukwe wangu njo ilimuluma," akasema. "Alikuwa na miaka ine." Akacheka hata. Kisha akaniuliza, na uso wake wote umefunguka:

"Iko muzima?"

Siku tisa njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kila kitu, msamaha, kaburi, mke wangu. Swali hilo sikulipangia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempa sababu ya kutumaini, kwa kufika na tope lote lile miguuni. Mtu hatembei hivyo kuleta kifo.

Nikatikisa kichwa.

Alikunja picha, taratibu, akaiweka kifuani ndani ya nguo. Kisha akaenda kuleta maji, akanipa. Alinipa maji mimi.

14 Februari, Kolwezi

Mimi na mama wa Nawej tumefika jana. Zena alikuwa mlangoni. Hawakusalimiana, walishikana tu mikono yote miwili, wakaingia.

Leo tangu asubuhi wamekaa nyuma ya kichuguu juu ya mkeka. Zena anaeleza, Kiswahili chake polepole, mikono inasaidia: uji alikunywa mara ngapi, alilala ubavu upi, macho aliyageuza wapi. Mama anataka yote. Anarudia kuuliza lile la kidole. Kisha walicheka kitu, na walipocheka mimi nilikuwa barazani na nilitaka kujua ni kitu gani, na haikuwa haki yangu kujua.

Naandika kwa kuwa nimeahidi daftari hili ukweli: bado nina wivu. Si juu ya Nawej, maskini. Naona wivu juu ya siku zile nne. Zena alikuwa mtu mkubwa katika siku zile, akafanya kazi ambayo mimi nilimwandikia Mukuba aifanye, bila ngozi ya shaba, na mimi nilikuwa Kisenge nakula kwa watu.

Maalim amekuja, na padre, maana mama ni Mkristo, wakaomba kila mtu kwa njia yake. Mama amesema asihamishwe, aliyemfunika alimfunika vizuri. Akaomba ubao. Akanitafuta kwa macho. "Banasema mukono yako ni muzuri," akaniambia. "Andika."

Nikaandika, herufi tano. NAWEJ. Nilichukua saa nzima.

18 Februari

Mama amerudi kwao na lori la Kazadi. Zena amempa stensili zenyewe za namba 3, ingawa hazichapi tena.

11 Machi

Mahindi yamekomaa. Tumechoma manne ya kwanza, mawili tumempelekea Mama Tshiela.

Muuza samaki ananiuliza kila siku Mukuba yuko wapi. Namwambia amekwenda kwao. Nilidhani bede imekufa. Lakini leo mchana Zena ameleta stensili mezani, namba 8, akazisukuma upande wangu, kama zamani.

Ni Mabomoko ile ile, mapaa chini, mvua. Ila hakuna Mukuba. Kuna mwanamke mwenye jembe. Anafukuza Bana-Giza barabarani, anavuta waliofukiwa na mlima, anagawa chumvi. Ukurasa wa nane yuko mlangoni kwake, amechoka, na mbele yake amesimama mwanaume kwenye mvua, begi mkononi, tunaona mgongo wake tu. Mwanaume ana kiputo. Kitupu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Maneno ni yako."

Nikakaa nacho mpaka alasiri. Niliandika pembeni maelezo marefu, barabara ilifungwa, lori lilikwama, sikujua. Nikayafuta yote. Kisha nikaweka kalamu kwenye nta, nikaandika kwa mwandiko mdogo, wa kawaida: "Nimechelewa."

Zena akasoma. Akavuta stensili kwake, na kwa mwandiko wake mbaya, ule ninaoucheka siku zote, akamwandikia mwanamke jibu. Herufi zinapanda na kushuka. "Ingia. Unalowa."

Nikamwambia ukurasa umekwisha basi, naupeleka kwa Polycarpe. Akasema bado. Akatoa stensili nyingine mpya, akailaza mbele yake, akashika kalamu ya chuma. Nikamngoja atazame dari. Hakutazama dari.

"Kaa chini," akasema. "Tulia. Geuka huku, nione sikio."

Nikageuka.